H. G. Wells: Mzee wa masharubu aliyepigana vita sakafuni

Kama umewahi kutazama Stranger Things, bila shaka unawakumbuka wale vijana wanne waliojifungia chumba cha chini, wamezunguka meza, dadu zinarushwa na kila mtu anapiga kelele kwa sababu zimwi limetokea. Ule mchezo haukubuniwa na watengenezaji wa filamu. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1974, na mamilioni ya watu wameucheza tangu wakati huo. Mmoja wa wachezaji ndiye msimamizi. Yeye husimulia dunia yote, huwachezesha maadui, na mara nyingi ndiye anayekesha akikata katoni na kupaka rangi vijisanamu ili wenzake wakifika wakute mlima, daraja na ngome juu ya meza.

Sasa, ukifuata ukoo wa mchezo huo kurudi nyuma, ukapita Marekani ya miaka ya sabini na kuvuka bahari, utamkuta mzee mmoja Mwingereza, mfupi, mnene kidogo, masharubu mazito na sauti nyembamba, amepiga magoti sakafuni akilenga mzinga wa kuchezea. Jina lake ni H. G. Wells. Ndiyo, ni yule yule wa The Time Machine na The War of the Worlds. Wengi wanamjua kwa vitabu hivyo. Wachache wanajua kwamba ndiye aliyeandika, mwaka wa 1913, kitabu cha sheria kilichomfundisha mtu wa kawaida kupigana vita kwa sanamu ndogo na mandhari ya kujitengenezea nyumbani. Na wachache zaidi wanajua kwamba alikiandika kwa sababu alichukia vita.

Mtoto wa duka lisilolipa

Herbert George Wells alizaliwa Septemba 21, 1866, mjini Bromley, kusini mashariki mwa London. Nyumbani walimwita Bertie. Babake, Joseph, alikuwa na duka dogo la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi. Duka lenyewe lilikuwa hasara tupu. Pesa zilizowalisha zilitoka kwa kriketi, maana Joseph alikuwa mchezaji wa kulipwa na alirusha mpira vizuri sana. Mamake, Sarah, alikuwa amewahi kuwa mjakazi kwenye majumba ya mabwanyenye.

Akiwa na miaka saba hivi Bertie alivunjika mguu. Ukiwa mtoto, bila simu wala televisheni, kulala kitandani wiki nyingi ni jela. Lakini watu wazima walimletea vitabu, na huyo mtoto akaanza kusoma kama mtu aliyegundua maji jangwani. Kwa wengi huo ndio mwanzo wa hadithi yake. Miaka michache baadaye, 1877, ikawa zamu ya babake kuvunjika mguu. Kriketi ikaisha, na pesa zikaisha nayo. Mwaka wa 1880 Sarah alirudi kazini, kusimamia watumishi katika jumba liitwalo Uppark, na Bertie, mvulana wa miaka 13, akatumwa akajifunze kazi ya duka la vitambaa.

Hapo ndipo maisha yalimkaba. Duka la kwanza lilimwona hafai. Akapelekwa kwa muuza dawa, nako hakudumu. Kisha akafungwa kwa mkataba wa uanagenzi katika duka jingine la vitambaa mjini Southsea, kuanzia 1881. Alisimama karibu saa 13 kwa siku, akikunja na kukunjua nguo, na usiku alilala katika bweni moja na wanagenzi wenzake. Ada ilikuwa imeshalipwa, kwa hivyo kutoka halikuwa jambo dogo. Baada ya miaka miwili alichoka kabisa. Jumapili moja aliondoka asubuhi, akatembea maili 17 hadi Uppark, yapata kilomita 27, kwenda kumwambia mamake kwamba hawezi tena. Kama umewahi kulazimishwa kusomea kozi usiyoitaka kwa sababu mzazi keshalipa, unaelewa mazungumzo hayo yalikuwaje.

Mama alikubali, shingo upande. Mwaka wa 1883 Bertie akawa mwanafunzi na mwalimu msaidizi katika shule ya Midhurst, na mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusomea sayansi South Kensington, London. Mwalimu wake wa biolojia alikuwa T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Posho ilikuwa gini moja kwa wiki, na siku nyingi alishinda njaa. Mwaka wa kwanza aling'ara. Baadaye akaingiwa na siasa, uandishi na ubishi, akafeli jiolojia na kuondoka bila shahada. Akapata kibarua cha ualimu Wales, na huko, uwanjani, kijana mmoja alimchezea vibaya akamponda figo. Afya yake haikuwa sawa tena kwa miaka mingi. Shahada aliipata hatimaye mwaka wa 1890, lakini mwaka wa 1893 alipoanza kutema damu ilibidi aache kufundisha. Akabaki na kalamu.

Kalamu nayo ikalipa haraka. The Time Machine ilitoka 1895, The Invisible Man 1897, The War of the Worlds 1898. Hicho cha mwisho kina jambo ambalo wasomaji wa Afrika huliona upesi kuliko wengine: anapoelezea viumbe wa Mars wakiwamaliza Waingereza, Wells anawakumbusha Waingereza hao kwamba wao wenyewe walifanya hivyo hivyo kwa watu wa Tasmania. Hata hivyo usimfanye malaika. Miaka mitatu baadaye, katika kitabu chake Anticipations, aliandika mambo ya kikatili kuhusu watu weusi na wote aliowaona dhaifu, kana kwamba dunia ingekuwa bora bila wao. Tutaona alifika wapi na fikra hizo.

Sakafu ya Sandgate

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wells alikuwa na pesa, mke wa pili, Amy Catherine, ambaye yeye alipenda kumwita Jane, na nyumba mpya mjini Sandgate, kwenye ufuo unaotazama Ufaransa. Wavulana wawili walizaliwa, George Philip mwaka wa 1901, aliyeitwa Gip, na Frank mwaka wa 1903. Na huyo mwandishi mashuhuri, aliyetembelewa na wakubwa wa fasihi na siasa, alitumia saa nyingi amelala kifudifudi sakafuni na watoto wake.

Walichokuwa wakijenga amekieleza katika Floor Games, kitabu kidogo cha 1911. Siku nyingine sakafu iligeuka bahari, na mbao zikawa visiwa vyenye mahekalu, wanyama na wakazi wa ajabu wa kugunduliwa. Siku nyingine ilikuwa miji: kila mtoto alikuwa meya wa mji wake, na miji ilikuwa na maduka, stesheni ya treni, kumbi na makaburi ya watu mashuhuri. Vifaa vilikuwa matofali ya mbao, vipande vya mbao kutoka kwa seremala, treni za kuchezea, na chochote kilichookotwa. Na humo Wells analalamika kwa hasira ya kweli kuhusu maduka ya vitu vya watoto. Yamejaa askari, anasema, ila ukitafuta raia wa kawaida, mwenye duka, mpita njia, mtu wa kukaa mjini, humpati. Alitaka raia, na soko lilimuuzia wanajeshi.

Kabla hatujafika vitani, jambo moja la haraka. Daktari wa watoto London aitwaye Margaret Lowenfeld alikikumbuka kitabu hicho alipofungua kliniki yake mwishoni mwa miaka ya ishirini. Akawawekea watoto wenye matatizo ya kihisia trei ya mchanga na vijisanamu, wajenge dunia yao na kuonyesha yale wasiyoweza kuyasema. Tiba ya namna hiyo inatumika hadi leo.

Vita vyenyewe vilianza kwa utani. Kampuni ya William Britain ya London ilikuwa imegundua, mwaka wa 1893, jinsi ya kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, na hivyo bei ikashuka na nyumba nyingi zikajaa majeshi. Kampuni hiyo hiyo iliuza mzinga mdogo wa springi, unaorusha kipande cha mti chenye urefu wa inchi moja hivi. Wells anadai ukijua kulenga, ungemwangusha askari umbali wa yadi tisa mara tisa kati ya kumi. Siku moja rafiki yake, mwandishi mcheshi Jerome K. Jerome, alikuwa mgeni hapo Sandgate. Chakula kimekwisha, kahawa bado haijaletwa. Akauona mzinga na askari wachache kwenye meza ya watoto, akavuta kiti, akalenga, akampata mmoja. Akaanza kujigamba. Mnajua wanaume wakishaanza kujigamba.

Kurushiana risasi za mti kulichosha haraka, kwa sababu kwenye sakafu tupu askari hana pa kujificha. Mandhari ikahitajika. Wells na rafiki mwingine wakachukua majuzuu mazito ya ensaiklopidia kutoka rafuni, wakayapanga juu ya zulia, na hiyo ndiyo ikawa milima na mabonde yao ya kwanza. Napenda sana picha hiyo: maarifa yote ya Uingereza yamelazwa chini ili vijisanamu vipate pa kujibanza.

Kadiri walivyocheza, nchi yao ya sakafuni ilizidi kupendeza. Mito ilichorwa kwa chaki. Vitawi vilivyokatwa bustanini vilichomekwa kwenye mbao zenye matundu vikawa misitu. Nyumba za matofali ya mbao zilibomoka ovyo, basi wakaanza kuzijenga kwa kadibodi ngumu, zikapambwa ili zionekane za kweli. Mtu yeyote anayesimamia mchezo wa mezani leo, anayeokota maboksi ya viatu na vijiti vya aiskrimu kwa ajili ya kikao cha Jumamosi, anafanya kazi hiyo hiyo.

Sheria ziliongezwa moja moja, kila moja ikiziba pengo ambalo mjanja fulani alikuwa ametumia. Katika kila zamu askari wa miguu alienda futi moja na wa farasi futi mbili. Mzinga haukusogea wala kufyatuliwa kama haukuwa na askari wanne karibu. Pazia lilifungwa katikati wakati wa kupanga majeshi ili mtu asichungulie. Na kwa kuwa kuna watu wanaoweza kufikiria zamu moja hadi giza liingie, muda ulihesabiwa: dakika moja kwa kila askari 30, na dakika moja kwa kila mzinga. Jeshi la watu 110 na mizinga mitatu lilipewa dakika saba, baada ya hapo zamu imekwisha, hata kama nusu ya watu wako bado wamesimama barabarani. Hakukuwa na dadu. Mzinga uliamua nani anaanguka kwa mbali, na majeshi yakigusana hesabu kavu iliamua nani anakufa na nani anatekwa.

Yote hayo yaliingia katika Little Wars, 1913. Haukuwa mchezo wa kwanza wa vita duniani. Maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa na wao tangu miaka mia moja iliyotangulia, wa ramani na majedwali, na Robert Louis Stevenson alicheza na mwana wa mkewe huko Uswisi mapema miaka ya 1880. Kitabu cha Wells kilitofautiana kwa sababu kilimlenga mtu yeyote mwenye sakafu na muda, na kilichekesha. Kuna sura nzima ambamo anasimulia pambano lake kama jenerali mstaafu anayejisifu kwenye kumbukumbu zake. Kuna pia dharau ya zama zake: jina refu la kitabu linasema mchezo ni wa wavulana wa kuanzia miaka 12 hadi 150, pamoja na wale wasichana wachache wenye akili wanaopenda mambo ya wavulana. Wacha tu.

Lakini ukifika mwisho wa kitabu, kicheko kinapungua. Wells anasema wazi kwamba huu mchezo mdogo ni bora mara elfu kuliko ule mkubwa. Hapa hakuna maiti, hakuna mji uliobomolewa, hakuna mama anayelia. Yeyote aliyecheza mara tatu nne, anasema, ataona jinsi majenerali wanavyoweza kuvuruga mambo hata wakiwa na askari mia moja wa risasi, na atajiuliza vita vya kweli ni upuuzi wa kiasi gani. Kisha anatoa pendekezo. Wachukueni wafalme wanaotishana, wazalendo wenye mdomo na wote wanaotamani vita, wafungieni katika ukumbi mmoja mkubwa wenye miti midogo na nyumba ndogo na askari wa sanamu wa kutosha, wapigane humo hadi washibe, na sisi wengine tuendelee na maisha.

Ni mzaha, lakini ndani yake kuna dau. Wells aliamini kwamba mchezo unaweza kumfundisha mtu ubaya wa vita kabla hajauona.

Vita vikubwa

Mwaka mmoja baadaye dau likapotea. Agosti 4, 1914, Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Siku hiyo hiyo alizaliwa mwanawe mwingine, Anthony, na mama wa mtoto hakuwa Jane bali mwandishi kijana Rebecca West. Wells alikuwa na wapenzi wengi, na mtoto mwingine nje ya ndoa alizaliwa mwaka wa 1909. Jane alijua. Ndoa iliendelea hadi Jane alipofariki 1927, na sidhani kuna anayeweza kusema kwa uhakika iliendelea kwa gharama gani kwake.

Ungemtarajia mtu wa Little Wars asimame upande wa wapinga vita. Hakusimama huko. Alikimbilia kalamu na kuandika makala yaliyotolewa kama kitabu kiitwacho The War That Will End War, akitetea kwamba jeshi la Ujerumani likishindwa, vita vyote duniani vitakwisha. Kichwa hicho cha kitabu kiligeuka msemo wa kila mtu, na kabla Wells hajafa kilikuwa tayari kimekuwa dhihaka. Mwaka wa 1916 alizuru medani za vita Italia na Ufaransa. Mwaka wa 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya propaganda ya serikali, kisha akajiuzulu akiwa amekasirika.

Vita hivyo vilifika hapa kwetu pia. Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki hadi Novemba 1918, na mizigo yao ilibebwa kichwani na Waafrika waliokusanywa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Ukipita Kariokor jijini Nairobi unapita juu ya jina lao, maana neno hilo ni Carrier Corps likitamkwa kwa ulimi wetu. Katika kitabu cha Wells, askari anayeanguka hurudishwa kwenye sanduku hadi Jumamosi ijayo.

Kuna jambo jingine la mwaka huo wa 1914 linalotisha zaidi. Miezi michache kabla ya vita Wells alichapisha riwaya The World Set Free, na ndani yake akabuni bomu linalotumia nguvu ya atomu, akaliita hivyo hivyo, bomu la atomu. Mwaka wa 1932 mwanafizikia kutoka Hungary, Leo Szilard, aliisoma. Mwaka uliofuata, akiwa London, Szilard alifikiria jinsi atomu moja ikipasuka inavyoweza kupasua nyingine na nyingine, na akawa miongoni mwa watu waliosukuma Marekani iunde bomu lenyewe. Agosti 6, 1945, likaanguka Hiroshima. Wells alikuwa hai, mgonjwa, nyumbani kwake London.

Kati ya vita hivyo viwili alikuwa mtu maarufu kupita kiasi. Kitabu chake cha historia ya dunia cha 1920 kiliuza zaidi ya nakala milioni mbili. Alikutana na Lenin 1920, na mwaka wa 1934 akakutana na Stalin na Roosevelt. Wanazi walichoma vitabu vyake. Alipopata kisukari hakukaa kimya, na mwaka wa 1934 alisaidia kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza, ambacho bado kipo. Wale mameya wa sakafuni walikua: Gip akawa mwanazuolojia na kuandika kitabu kikubwa cha biolojia pamoja na babake na mjukuu wa yule Huxley wa zamani, Frank akaingia katika filamu.

Na zile fikra mbaya za 1901? Vita vya pili vilipoanza 1939, Wells, mzee wa miaka 73, aliandikia gazeti la The Times akiuliza tunapigania nini hasa. Kutokana na mjadala huo ikatungwa orodha ya haki ambazo kila binadamu anastahili, na mwaka wa 1940 ikatoka kwa jina The Rights of Man katika kitabu cha bei nafuu. Humo inasemwa wazi kwamba haki hizo hazibagui rangi wala imani. Ni miongoni mwa maandishi yaliyoandaa njia ya Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la Desemba 10, 1948. Mimi siioni kama fidia ya alichoandika 1901. Lakini umbali kati ya vitabu hivyo viwili ni mrefu, na aliutembea mwenyewe.

Wakati mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakiangukia London alikataa kuhama nyumba yake ya Hanover Terrace, kando ya bustani ya Regent's Park. Alifia humo Agosti 13, 1946, mwaka mmoja na wiki moja baada ya Hiroshima. Majivu yake yalimwagwa katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, ile ile iliyoonekana kutoka Sandgate.

Baada yake

Mchezo wake haukufa. Katika miaka ya hamsini na sitini vilabu vya watu wazima wanaopigana kwa vijisanamu vilienea Uingereza na Marekani. Mmoja wa wanachama alikuwa Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, mfanyakazi wa bima aliyepoteza kazi 1970 na kuanza kushona viatu ili alishe watoto. Nyumbani alikuwa na meza ya mchanga, ambapo mlima ulijengwa kwa kiganja. Mwaka wa 1971 alitoa, pamoja na mwenzake Jeff Perren, sheria za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, na mwishoni akaongeza kurasa za wachawi na mazimwi. Mazimwi yenyewe hayakuuzwa popote, basi kikundi kilitumia midudu ya plastiki ya bei ya kutupa iliyouzwa kwenye mifuko, na baadhi ya viumbe mashuhuri vya mchezo huo hadi leo vina sura ya vitoto hivyo vya plastiki.

Mahali pengine, Minnesota, Dave Arneson alichukua hatua iliyobadilisha kila kitu. Aliweka ngome ya plastiki mezani, na badala ya kumpa kila rafiki jeshi, akampa kila mmoja mtu mmoja. Mtu huyo ana jina. Ana deni, ana adui, ana uoga. Akipona leo, wiki ijayo anaendelea alipoachia, na akifa hakuna sanduku la kumrudishia. Gygax na Arneson wakaunganisha mambo yao, na Januari 1974 nakala 1,000 za kwanza za Dungeons & Dragons zikapangwa kwa mikono na kuanza kuuzwa.

Hapo naona jibu la lile lalamiko la 1911, ingawa sijui kama Arneson aliwahi kulifikiria. Wells alitaka watu wa kawaida kwenye sakafu yake, dukani akapata askari, akawapigisha vita. Mchezo wa Arneson umejaa wenye hoteli, wauza samaki na wazee wa kijiji, na mara nyingi kikao kizima hupita bila upanga kuchomolewa, watu wakibishana tu bei ya punda.

Gygax aliujua ukoo wake. Little Wars ilipochapishwa upya Marekani mwaka wa 2004, dibaji aliiandika yeye, miaka minne kabla hajafariki. Arneson alimfuata mwaka wa 2009.

Vitabu vyote viwili vya Wells vya sakafuni sasa havina hakimiliki, unaweza kuvipakua bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Kama unataka kuvijaribu mtaani, mzinga wa springi ndio utakaokusumbua. Mengine ni chaki, katoni na vitawi, na juzuu nzito kama kuna yeyote nyumbani kwenu ambaye bado anazo.